Tuliobatizwa Joshoni

Jumapili, 11 Februari 2024

Leo tumebatizwa kwenye josho la ng'ombe. Naandika kama ilivyokuwa. Boke aliponiona narudi nimelowa kichwa mpaka miguu alishika mlango akacheka mpaka machozi. "Mama, na kupe wametoka?" Nikamwambia aache utani na mambo ya Mungu, kisha na mimi nikacheka.

Josho halijafanya kazi miaka mingi. Vijana walilisugua siku tatu kwa mchanga na mafagio, mvua ikalijaza yenyewe. Tukapita mle kama ng'ombe wanavyopita, mmoja mmoja, unaingia huku unatokea kule, na Hezekia amesimama ukingoni anakuzamisha kichwa. Wezi wa mifugo ndio waliotangulia. Wezi, jamani! Watu tuliokuwa tunawajua kwa majina na hakuna aliyethubutu kuwataja. Walitupa pinde na mishale yao kwenye moto mbele ya watoto. Mimi nina miaka sitini na mbili, nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na tano, sijawahi kuona kitu kama kile.

Hezekia nilimfundisha mwenyewe, darasa la pili mpaka la saba. Alikuwa na kigugumizi kibaya. Baadaye akawa mwizi wa ng'ombe, akafungwa, na mwaka jana akarudi na Biblia. Akihubiri kigugumizi hakionekani kabisa. Leo mbele ya umati alipiga goti: "Shikamoo Mwalimu wangu." Kisha akanikabidhi kazi. Kila anayetubu, niandike jina lake na dhambi yake kwenye daftari kubwa jeusi. "Mwandiko wako ndio uliotufundisha kusoma," alisema. Nilijisikia kama mama aliyezaa mtoto wa kiume.

Zamu yangu ya kutubu ilipofika nikakwama. Wote walikuwa na dhambi nzito, wameiba, wamejeruhi watu, nikaona aibu kusimama mikono mitupu. Nikatafuta, nikasema: mimi Mokami, mjane, sina mtoto wa kiume, nilitoa ng'ombe tisa nikamwoa Boke kimila, nyumba ntobhu, anizalie wajukuu wa kurithi boma la marehemu mume wangu. Watu wakapiga makofi. Nikaandika mwenyewe, ukurasa wa kwanza, mstari wa nne.

Ukweli sikuwa najuta hata kidogo. Gift ana miaka sita na mdogo wake Waitara ana mitatu, na wakati naandika haya wanagombania mgongo wangu.

Jumatano, 14 Februari

Ng'ombe thelathini na saba wamerudi! Wengine walikuwa wamefichwa upande wa Sirari, mpakani, wengine kwa watu wa hapa hapa. Mama mmoja alimtambua wake kwa alama ya moto akaanguka chini akilia.

Jumanne, 20 Februari

Tumepanda mahindi. Kiuno.

Saa kumi jioni fisi alikamata mbuzi bondeni, ikapigwa yowe. Kijiji kizima kilitoka. Mmoja alikuja na panga, mwingine na jembe, mimi nimeshika mwiko. Nafurahi bado tuko hivyo. Kwetu yowe halina mwenyewe. Ukilisikia unatoka na ulichoshika mkononi, na ukifika unauliza neno moja tu: wameelekea wapi? Hakuna anayeuliza ng'ombe ni wa nani, wala kama mwenye boma mnasalimiana.

Jumapili, 3 Machi

Leo tumewaangusha wazee wa ritongo.

Wajukuu wangu wakisoma haya siku moja, wajue ritongo lilikuwa baraza la wazee la kuamua kesi, na huenda zamani lilikuwa la haki. Letu lilikuwa la Mzee Machage. Kila kesi ilitaka ng'ombe, nyama wakala wao. Mwaka aliokufa mume wangu Machage alikaa kwenye kile kigoda chake akagawa nusu ya shamba langu, akampa shemeji. Nilipolalamika wakanitenga miezi miwili, hakuna salamu, hakuna wa kunichotea maji nikiumwa. Msimu wa tohara walikuwa wanahesabu wasichana wa kukeketwa kama watu wanaohesabu mavuno. Desemba iliyopita Hezekia na akina mama walisimama njiani, hakuna binti aliyekatwa. Hata mmoja. Kwa hilo tu ningemfuata popote.

Tulikwenda kwa Machage baada ya ibada, watu labda mia nne, tunaimba. Hezekia alimwambia kwa upole, kama anamwambia baba yake, "Tata, leta pembe na kigoda." Pembe ndiyo inayopulizwa kuita watu. Mzee akakataa. Vijana wakaingia ndani, vyombo vikaanza kutoka nje, godoro, sufuria, redio. Mzee akasimama mlangoni akapiga yowe. Alipiga mara tatu, na sauti yake bado ni kubwa.

Tukaimba kwa nguvu zaidi ili lisisikike. Mimi huwa naimba sauti ya pili, na leo nilitoa yote.

Amehamia kibanda cha mawe mwisho wa kijiji, peke yake, na fimbo yake. Nilifurahi. Sifichi.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Mahindi yamechomoza.

Alhamisi, 14 Machi

Osward, mtendaji wetu wa kijiji, kijana mpole kutoka Songea, alinisimamisha njiani. Anaandika taarifa ya kupeleka wilayani, Mugumu: wizi wa mifugo, sifuri. Ugomvi, sifuri. "Mwalimu, watanipandisha cheo," alisema. Daraja limekatika na maji, taarifa itapelekwa na mtu wa miguu.

Jumapili, 24 Machi

Wameteuliwa walinzi kumi na wawili, kila mmoja na kitambaa cheupe mkononi. Mkubwa wao ni Nchagwa, aliyekuwa mwizi namba moja. Kazi ya kwanza ilikuwa kuvunja mitungi ya pombe ya rafiki yangu Agustina. Alikuja kunilalamikia. Nilimwambia, "Agustina, ulitubu mwenyewe mwezi wa pili, nikaandika." Akasema, "Nilitubu, ndiyo. Sasa watoto wangu wanakula toba?" Tulicheka kidogo. Lakini moyoni nilikuwa upande wa Hezekia. Pombe imetumalizia wanaume.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Hezekia amehubiri akiwa amekaa kwenye kigoda cha Machage. Nilishtuka. Nilidhani kilichomwa moto siku ile ile. Nikamuuliza taratibu baada ya ibada, akatabasamu, "Kigoda ni mti tu, Mwalimu." Na pembe wanapuliza ile ile.

Jumapili, 7 Aprili

Toba sasa ni kila wiki, na ni lazima. Asiye na dhambi yake ya kusema ataje ya jirani. Nimeandika mpaka vidole vimekufa ganzi. Mtu mmoja ametaja kwamba mke wake analala wakati wa maombi. Mwingine kwamba shemeji yake anasikiliza muziki kwenye simu. Daftari la kwanza limejaa, tumefungua la pili.

Jumatano, 10 Aprili

Palizi. Boke ameniuliza, "Na wewe, Mama, jina langu umeshaliandika mara ngapi?" Nikahamia mstari mwingine.

Jumapili, 14 Aprili

Shikamoo imepigwa marufuku! Eti heshima ni ya Mungu peke yake. Ukikutana na mtu unasema "Toba?" naye ajibu "Imepokelewa."

Nilikutana na Hezekia kisimani. Nikasubiri, nikidhani kwangu atafanya tofauti. "Toba?" alisema. Nilimtazama yule mtoto niliyemfuta kamasi. Nchagwa alikuwa nyuma yake ananiangalia mdomo. Nikasema, "Imepokelewa," na sauti ilitoka ndogo kama ya mwanafunzi.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Mto umejaa.

Jumapili, 28 Aprili

Nitaandika ya leo.

Asubuhi pembe ilipulizwa tukaitwa joshoni. Nilidhani ni ubatizo. Nikavaa kitenge kizuri. Nilipofika nikamwona Agustina amesimama ndani ya maji mpaka kifuani, mikono kichwani, na Nchagwa ukingoni na fimbo. Alikuwa amekamatwa jana na mtungi mmoja wa pombe nyuma ya zizi.

Hezekia akaniambia, "Mwalimu, soma."

Nisome nini? Akafungua mwenyewe daftari la kwanza. Pale palikuwa na toba ya Agustina ya mwezi wa pili, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Mambo aliyosema akilia, siku ile ya furaha, ya ujana wake, ya mtoto aliyempoteza na kwa nini alimpoteza. Mambo ambayo hata mimi rafiki yake wa miaka arobaini nilikuwa siyajui mpaka siku ile. Tulimkumbatia siku ile. Tulimwambia yamekwisha!

Nikasema, "Hezekia, haya yalisamehewa."

"Yalisamehewa kwa masharti."

"Masharti gani? Mimi ndiye niliyeandika, sikuandika masharti."

Watu wakaguna. Hezekia hakukasirika. Alinishika bega, akasema polepole ili wote wasikie kwamba Mwalimu amechoka, macho yamezeeka, Nchagwa atasoma. Na Nchagwa akasoma. Anakwama kwenye maneno marefu, anarudia, kwa hiyo kila kitu kilisikika mara mbili. Agustina alinitazama mimi. Hakumtazama Nchagwa wala Hezekia.

Alikaa mle mpaka saa sita mchana. Alipotolewa miguu haikumbeba. Tulikuwa watu zaidi ya mia tatu na tuliimba wakati wote. Na mimi? Ndiyo. Niliimba.

Mungu wangu, tumefikaje hapa? Februari tulikuwa tunacheka.

Jumatatu, 29 Aprili

Nilikwenda kwa Osward ofisini. Nikamwambia wewe ni serikali, andika Mugumu. Alifunga mlango kwanza. Kisha akatoa kitu mfukoni akanionyesha: kitambaa cheupe. "Mwalimu, mimi ni wa kuja tu. Nina mke na mtoto. Na taarifa yangu ya uhalifu bado ni sifuri, nitaandika nini?"

Nilipofika kwa Agustina alikuwa amelala, akageukia ukutani.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya ibada nilimwomba Hezekia tuzungumze, mimi na yeye tu. Alinipa kiti, akaniletea chai kwa mikono yake. Hapo ndipo mtu unachanganyikiwa, maana upole wake si wa kuigiza.

Nikamwambia, "Mwanangu, watu wanakuogopa."

"Wananyamaza, Mwalimu. Si kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja hata kidogo."

Akacheka. "Unakumbuka darasa la nne? Ulikuwa unatoka kwenda ofisini, unamwachia kiranja karatasi aandike wapiga kelele. Ukirudi unasoma majina, unachapa. Mimi jina langu lilikuwa linaandikwa kila siku. Nilikuwa sipigi kelele. Nilikuwa najitahidi kumaliza neno." Aliniongezea sukari. "Lakini darasa lilikuwa kimya, Mwalimu. Shule nzima ilikusifu. Nikajua kumbe karatasi moja inatosha."

Nilikaa pale na kikombe mkononi. Nilitaka kumwambia pole, nimechelewa miaka ishirini na zaidi. Sikuweza. Nilikuwa naziona zile karatasi, na kweli jina lake lilikuwa mle kila siku, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Jumatano, 15 Mei

Jua. Mahindi yanakomaa. Sijamwambia Boke habari ya zile karatasi.

Jumapili, 26 Mei

Imetangazwa. Nyumba ntobhu ni kifungo cha shetani. Wanawake wote walioolewa na wanawake "watakombolewa," yaani watapewa ndugu waliotubu ambao hawana wake, na watoto wao watafuata. Tuko nyumba sita kijijini. Hezekia alisoma majina, la kwanza likiwa langu. Akalinyanyua lile daftari, ukurasa wa kwanza, mstari wa nne.

"Huu si mwandiko wako, Mwalimu?"

Nikasema ni wangu.

"Si ulisema kwa mdomo wako ni dhambi?"

Ningesemaje? Kwamba nilitafuta dhambi ya kusema ili nisionekane mtu wa ovyo kati ya wezi? Kwamba nilidhani mimi mwenye kalamu halitanifika? Boke amepewa Nchagwa. Nchagwa! Wiki nne za kujiandaa.

Nilirudi nyumbani. Boke alikuwa anapukuchua mahindi ya msimu uliopita. Alikwishapata habari. Sijawahi kumwona na hasira vile.

"Mimi ni mbuzi? Nani ameniuliza?"

Nikasema, "Na mimi, Boke, nilikuuliza?"

Akachukua hindi jingine, akalipukuchua lote. Sikutaka kusikia jibu na nilitaka.

"Hukuniuliza," alisema. "Uliongea na baba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nililia njia nzima kutoka Turwa mpaka hapa. Unajua hilo."

"Najua."

"Lakini miaka minane, kila asubuhi, unaniuliza nimelalaje. Ulinilipia cherehani nijifunze kushona. Nilipotaka kumrudia yule mwanamume wa Mugumu ukasema mlango uko wazi, na mimi nikakaa. Huyo Hezekia hajaniuliza hata kama nimekula." Akatupa gunzi. "Siendi kwa Nchagwa. Wakinitaka wanibebe."

Jumapili, 2 Juni

Nimerudisha madaftari. Niliyaweka mbele ya kigoda, nikasema siandiki tena, na mke wa nyumba yangu simtoi. Hezekia akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akainua pembe akapuliza mara moja. Nikajua maana yake kabla hajasema, kwa sababu Machage alipuliza hivyo hivyo mwaka ule. Nimetengwa.

Jumanne, 4 Juni

Mashine ya kusaga imenikataa. Dukani chumvi hakuna, wakati naiona kwenye shelfu. Gift amerudi shuleni analia, amekaa dawati peke yake. "Bibi, nimeandikwa?"

Ijumaa, 7 Juni

Tunavuna wawili. Miaka yote watu huja kusaidiana, leo hapa kesho kwa mwingine. Sasa wanapita njiani wanatazama upande wa pili. Kundi zima niliwafundisha kusoma.

Jumapili, 9 Juni

Kopo la unga limeachwa kwenye uzio. Kopo nalijua, ni la Agustina. Nililia kuliko siku ya msiba wa mume wangu.

Jumatano, 12 Juni

Tumepanga na Boke. Jumatatu asubuhi na mapema, kwa mguu mpaka darajani, wameshalitengeneza, kisha Mugumu, kisha Turwa kwa dada yake. Mahindi yatabaki shambani.

Jumatatu, 17 Juni, Mugumu

Watoto ninao. Boke sina.

Naandika nikiwa nyumbani kwa binti wa Mzee Machage, karibu na soko. Saa tatu usiku imepita, watoto wamelala. Nitaandika yote kama yalivyokuja, maana kesho nitatakiwa kuyasema.

Walikuja jana, Jumapili, siku moja kabla hatujaondoka. Saa tisa alasiri, jua kali, watu wote wako joshoni. Nilisikia nyimbo, nikadhani tuko salama mpaka ziishe. Walikuwa wanne na Nchagwa. Hawakupiga mtu. Nchagwa alisema, "Toba, Mama," hata akavua kofia. Walimbeba Boke kama alivyosema, mmoja kila kona, naye anang'ata na kupiga mateke. Nchagwa mwenyewe akabeba watoto, mmoja kila kwapa. Waitara alidhani ni mchezo, alikuwa anacheka. Boke aliniita. Kwa jina langu, "Mokami!" Hajawahi kuniita kwa jina.

Nikasimama uani nikapiga yowe.

Ninavyoandika hivi koo bado linauma. Nililipiga kama nilivyofundishwa na bibi yangu, mkono mdomoni, refu, kuelekea kila upande. Kutoka kwangu mpaka joshoni ni kama hatua mia nne. Walisikia. Najua walisikia, kwa sababu nyimbo zilisimama.

Zilisimama kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi. Kisha zikaanza tena, kwa nguvu zaidi. Na nilitambua sauti ya pili imepwaya, hakuna wa kuishika.

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya tarehe tatu Machi. Nikakaa chini kwenye magunzi. Yowe! Hata adui huja kwenye yowe. Hata yule uliyemshtaki. Nilipiga tena, nikapiga tena, mpaka ikawa si sauti ni upepo.

Aliyekuja ni mmoja. Alitokea nyuma ya zizi, anachechemea, amevaa kandambili mguu mmoja, nyingine imekatikia njiani. Mzee Machage. Kutoka kibanda chake cha mawe mpaka kwangu si karibu, na goti lake moja halikunji. Mkononi alikuwa na kijiko. Alikuwa anakula.

Akashika uzio kupata pumzi, akasema, "Wameelekea wapi?"

 Mdomo wangu ulisema jambo lingine kabisa. "Shikamoo, Tata. Siku ile ulipopiga wewe..."

"Nilikusikia," alisema. "Wewe huwa unaimba sauti ya pili. Nimekuuliza, wameelekea wapi?"

Nikaonyesha upande wa mto.

Tulikwenda. Wazee wawili, mmoja na fimbo na kijiko. Sijui tulidhani tutafanya nini. Mto bado ulikuwa na maji mengi, na kivukoni tukawakuta watoto wamekalishwa juu ya jiwe, peke yao, kwa sababu wale hawakuweza kuvuka nao. Walimvusha Boke tu, kwa kamba. Tulimwona ng'ambo, anapandishwa kilima kwenye nyumba mpya ya walinzi. Khanga yake ya njano. Machage aliingia majini mpaka kiunoni. Nilimrudisha kwa kumshika mkanda, mkondo ungemchukua. Alitukana matusi ya Kikurya ambayo sijayasikia tangu niko mtoto.

Hatukurudi kijijini. Tulilala kwa watu wa njiani waliotupa uji bila kuuliza tumetubu au la, na leo mchana tumefika hapa. Njia nzima sikujua niongee nini naye. Huyu ndiye aliyeninyang'anya nusu ya shamba, na hajasema pole, na sidhani atasema. Alimbeba Waitara mgongoni sehemu kubwa ya njia na goti lake lile.

Jumanne, 18 Juni

Tulikuwa ofisi ya wilaya tangu saa mbili asubuhi. Kwanza ofisa mmoja alisema kijiji chetu kina taarifa nzuri kuliko vyote wilayani, uhalifu sifuri, ameiona kwa macho yake. Nikamwambia iliandikwa na mtu mwenye kitambaa mfukoni. Tukapelekwa kwa ofisa mwingine, mama wa makamo, si wa huku, kwa lafudhi yake. Akachukua karatasi.

"Huyo Boke ni nani wako?"

 Neno langu la kumwita Boke niliwahi kuliandika kwa mkono wangu kwamba ni dhambi, na hapa ofisini sikujua kama lipo kwenye vitabu vyao. Mkwe? Sikuzaa mwana wa kumwoa. Binti? Ana mama yake Turwa. Ofisa alisubiri na kalamu juu ya karatasi, na ile kalamu iliniogopesha kuliko Nchagwa.

"Anaitwa Boke," nikasema. "Ana miaka ishirini na saba. Ni fundi cherehani. Hataki kuwa kule, wamembeba. Watoto wake ni hawa. Akiamka asubuhi mimi ndiye ninayemuuliza amelalaje, na leo siku ya pili hakuna aliyemuuliza."

Mzee Machage akagonga sakafu na fimbo. "Mama ofisa, samahani. Kwetu hatuanzi na ni nani wako."

"Mnaanza na nini, mzee?"

Akamwambia.

Yule mama alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama Gift aliyekuwa amelala kwenye benchi na kidole mdomoni. Alikunja ile karatasi, akatoa nyingine safi. Akamwita kijana wa chumba cha pili aandae gari.

"Haya," alisema. "Wameelekea wapi?"

Tuliinuka wote wawili kumwonyesha.